Karatasi Safi Mno

"Tena," alisema Inspekta. "Tangu mwanzo, taratibu."

Mratibu wa mradi alimtazama bila kuamini. Hakuwa mtu wa kurudia maneno. Alikuwa msomi mwenye vyeti vitatu ukutani, na wanafunzi wake waliandika alichosema mara ya kwanza. Lakini huyu mama hakuwa mwanafunzi wake. Kituoni walimpachika jina la Mama Tena kwa sababu hiyo hiyo, na yeye mwenyewe alilizoea kuliko lile la kuzaliwa. Miaka kumi na minane ya upelelezi ilimfundisha kwamba mtu mkweli akirudia habari husahau hiki na kukumbuka kile. Aliyeipanga huitoa vilevile, neno kwa neno.

Mratibu aliitoa neno kwa neno.

Mradi ni wa vyuo viwili, chao na kimoja cha ng'ambo. Kwa miaka mitatu sasa wanafuatilia akina mama wajasiriamali mia mbili na arobaini, watengeneza sabuni, waokota plastiki, wafuma mikeka, waone biashara ndogo inavyoweza kukua bila kuharibu mazingira. Kila mwaka wahojaji huenda kwao na madodoso, wanawauliza, wanajaza. Madodoso ya mwaka huu, awamu ya tatu, yaliwekwa ndani ya boksi, boksi likafungiwa stoo. Funguo za stoo ni mbili. Mmoja anao yeye, wa pili anao mwanafunzi wa uzamivu anayeandika tasnifu yake kwa data hizo. Ijumaa alasiri mlinzi alimwona binti huyo akitoka wa mwisho, amebeba mzigo. Jumatatu asubuhi mgeni wa chuo rafiki alifika kukagua. Stoo ikafunguliwa. Boksi hakuna.

"Na polisi nani aliwapigia?"

"Mgeni wetu."

"Wewe ulitakaje?"

"Mimi niliona tuyamalize ndani kwa ndani, Afande. Ushirikiano huu tumeujenga kwa jasho. Muda wake unaisha, na wenzetu wanataka kuona kazi kabla ya kuuendeleza. Sasa habari za wizi..." Alifungua mikono. "Lakini binti mwenyewe hasemi. Mtu asiye na hatia husema."

Mama Tena alikuwa akimtazama mwanamke wa usafi aliyeingia kukusanya vikombe, amevaa ovaroli ya bluu iliyofifia. Mratibu alinyamaza kabisa mpaka mwanamke akatoka na mlango ukafungwa, kisha akaendelea pale pale alipoachia. Ni adabu za kisomi, Mama Tena alijiambia, kutozungumza mambo ya ofisi mbele ya wafanyakazi wa chini. Hapo alikosea, na baadaye alijilaumu sana.

"Niandikie namba yako ya simu," alisema akisimama.

Mratibu aliiandika kwenye kikaratasi kwa mwandiko mzuri, saba zake zote zikiwa na mkato tumboni.

Mgeni alikuwa kwenye chumba cha mikutano, peke yake kwenye meza ya watu ishirini. Alikuwa mwanamke mrefu mwenye mvi fupi, aliyejifunza Kiswahili darasani na kukitamka kwa tahadhari, neno moja baada ya jingine.

"Mimi ninasikitika sana," alisema. "Nilitaka kuona karatasi. Sikutaka mtu akamatwe. Huyo binti alikuwa asafiri Alhamisi, aje kwetu, amalize shahada yake."

"Najua." Hilo ndilo lililomsumbua Mama Tena tangu jana. Leo ilikuwa Jumanne. Kesho asubuhi binti angepelekwa mahakamani. Akishasomewa shitaka pasipoti yake itashikwa, ndege ya Alhamisi itaondoka bila yeye, na nafasi aliyoihangaikia miaka minne atapewa mwingine. "Ukaguzi wako unakuwaje?"

"Ninachukua dodoso moja katika kila kumi, bila kuchagua. Kisha ninakwenda kwa mama wa dodoso hilo. Ninamuuliza kama ni kweli."

"Na nani alijua utafanya hivyo?"

"Niliandika barua pepe siku ya Alhamisi. Kwa Mratibu. Na nakala kwa binti."

Watu wawili, funguo mbili, barua moja. Mama Tena aliandika hivyo katika kijitabu chake na kupiga mstari chini yake.

"Hakuna nakala ya hayo madodoso?"

"Mratibu amesema hakuna. Lakini..." Mgeni alikunja uso akitafuta maneno. "Lazima kuna kiasi kidogo cha kuingizwa kwenye kompyuta mara mbili. Ni utaratibu. Ili kuona makosa. Mwulize yule kijana wa kompyuta."

Mratibu hakuwa amemtaja kijana yeyote wa kompyuta, si mara ya kwanza wala ya pili.

Kijana mwenyewe, ambaye jengo zima lilimwita Kibodi, alikuwa baba wa watoto wawili mwenye kitambi kinachoanza. Alipoona kitambulisho cha polisi rangi ilimtoka. Dole gumba lake la kulia lilikuwa limefungwa bandeji kubwa.

"Yapo au hayapo?" aliuliza Mama Tena.

"Nini, Afande?"

"Madodoso, hayo unayoniuliza nini."

Kibodi akavuta droo ya chini. Ndani mlikuwa na rundo la madodoso lililofungwa kwa mpira. "Thelathini. Nilitakiwa kuyarudisha stoo kila siku, ndiyo sheria. Lakini stoo ni ghorofa ya tatu, na mimi goti langu... Nimeona boksi limeibiwa, nikaogopa watasema ni mimi."

"Kwa hiyo ukakaa kimya na mwenzako yuko ndani."

Kibodi aliliweka rundo mezani.

Mama Tena aliketi kwenye kiti cha Kibodi, akamwacha amesimama. Aliomba na madodoso ya mwaka uliopita, akayaweka upande wa kushoto, ya mwaka huu kulia. Kwa robo saa aliyalinganisha. Kibodi alihama mguu mmoja kwenda mwingine kama mtu aliyebanwa na haja.

Yale ya mwaka uliopita yalikuwa machafu, na uchafu wake ulikuwa wa kweli. Hili lilidondokewa na mafuta ya sabuni mpaka maandishi yakawa kama kioo. Hili lilikunjwa mara nne likatiwa mfukoni. Jingine lilichorwa jua na mtoto wa mtu pembeni. Mhojaji mmoja alikata jibu, akaandika juu yake, akakata tena, maana mama aliyehojiwa alibadili mawazo. Chini, mahali pa kuridhia, nusu yao waliandika majina yao kwa shida, waliobaki wakatia dole.

Ya mwaka huu yalikuwa safi. Hakuna kunjo, hakuna tone. Yamejazwa kwa kalamu za rangi tatu, kama kazi ya watu watatu, lakini kila penye saba palikuwa na mkato tumboni. Mama Tena alitoa kikaratasi cha namba ya simu, akakilaza kando. Hakuhitaji miwani.

"Zimepikwa," alisema.

"Afande?"

"Data zenu. Zimepikwa jikoni humu humu, na mpishi hata hakutoka nje kununua chumvi."

Aligeuza ukurasa wa mwisho wa dodoso la kwanza, la pili, la tatu, mpaka la thelathini. Katika yote hayo hapakuwa na mama hata mmoja aliyeandika jina. Wote thelathini walitia dole, kwa wino wa zambarau, na kila dole lilikuwa na kovu jembamba, limepinda kwa chini kama ndoano.

"Wewe hukuyaona haya?"

Kibodi aliinama, akatazama kwa mara ya kwanza kitu alichokitazama wiki nzima. "Mungu wangu," alisema. "Afande, mimi naingiza namba. Kwenye kompyuta pana sehemu, ameridhia, moja, hajaridhia, mbili. Nikiona alama, naandika moja. Sikuwahi kuangalia dole lenyewe."

Mama Tena alimwamini, na ilimuudhi kumwamini. Jengo limejaa watu wanaolipwa kuchunguza, na hakuna aliyeangalia dole. Walitaka kujua tu kama mahali pamejazwa.

"Fungua hiyo bandeji."

"Ni pasi, Afande, nilikuwa nanyoosha sare za..."

"Fungua."

Ilikuwa pasi kweli. Lengelenge kubwa, na chini yake dole nene lisilo na kovu lolote. Kibodi alianza kulia, machozi ya mtu mzima aliyeponea chupuchupu, na Mama Tena akamwambia aende akanawe uso.

Alichukua dodoso moja lenye anwani iliyo karibu, akaendesha gari mpaka uani kwa mtengeneza sabuni, nyuma ya gereji ya malori. Mwenyewe alikuwa anakata sabuni kwa waya. Hakuacha kazi.

"Wa chuo? Walikuja mwaka juzi, wakaja mwaka jana. Mwaka huu sijawaona. Nikasema labda wamepata watu wasafi zaidi kuliko sisi."

"Hapa pameandikwa umeajiri wasaidizi wanne."

Mama alicheka mpaka waya ukamtoka. "Wanne! Labda umehesabu na paka. Mwanangu, mimi mwaka huu nusura nifunge. Mafuta yamepanda, mashine imekufa. Nilikuwa nawasubiri hao wa chuo waje niwaambie, maana walisema wakijua shida zetu watatafuta namna." Alifuta mikono. "Na hiki hapa chini ni nini?"

"Dole lako."

"La nini? Mimi ni katibu wa kikundi. Naandika!" Akanyakua kalamu mkononi mwa Mama Tena na kuandika jina lake lote, herufi kubwakubwa, kwenye ukurasa mtupu wa kijitabu cha polisi. Alikuwa na hasira, na alikuwa na haki nayo.

Njiani kurudi kituoni Mama Tena aliona mambo yamekaa sawa, na yakikaa sawa upesi hivyo huwa hayampendezi. Mratibu kapika. Alhamisi kapata barua ya ukaguzi, maji yakamfika shingoni. Ijumaa kaondoa boksi kwa ufunguo wake, akamsukumia kesi binti. Vizuri. Basi mbona binti hasemi?

Alimtoa mahabusu, akamkalisha chumba cha mahojiano. Alikuwa msichana wa miaka ishirini na saba hivi, mwembamba, nywele kazifunga kwa kipande cha kitambaa. Siku mbili alikuwa hajatamka zaidi ya "shikamoo" na "sina la kusema".

"Nimeyaona thelathini," alisema Mama Tena. "Yalikuwa kwenye droo ya Kibodi."

Macho ya binti yaliruka. Mama Tena aliona kilichokuwamo, na hakikuwa faraja. Kilikuwa hofu.

"Najua nani kayajaza. Nimefika kwa mama wa sabuni. Wewe nakuhitaji useme kitu kimoja tu, kwamba boksi hukulichukua wewe. Sema hivyo, niandike, kesho huendi mahakamani."

Binti alichezea ncha ya kitambaa chake cha nywele.

"Ulilichukua?"

"Sina la kusema, Afande."

"Anakutisha?"

"Sina la kusema."

"Binti yangu, mtu kakutwisha mzigo wake, mimi nataka kukutua, wewe unaung'ang'ania. Kwa nini?"

Binti aliinamisha kichwa, akatazama mikono yake. Aliuliza swali moja, kwa sauti ndogo. "Hayo thelathini, Afande, lazima mgeni ayaone?"

Mama Tena alimrudisha ndani, moyo umejaa mashaka. Msichana aliyefunguliwa mlango na kukataa kutoka ana kitu anachokilinda. Mpenzi? Mratibu mwenyewe? Wazo hilo lilimchefua, lakini aliliandika, maana kazi ni kazi.

Alikwenda kaunta kusaini daftari la mahabusu. Kando yake lilikuwa daftari jingine, la wanaoleta chakula: tarehe, nani kaletewa, uhusiano, sahihi. Aliligeuza ajue nani anamtembelea binti, pengine huyo mpenzi. Jana saa saba, shangazi. Leo saa saba, shangazi. Penye sahihi palikuwa na dole la wino mweusi, na chini ya dole kovu jembamba, limepinda kama ndoano.

Aliweka kidole juu ya lile dole, akamgeukia sajini wa kaunta.

"Huyu shangazi, unamjua?"

"Yule wa ovaroli ya bluu? Anafagia huko huko chuoni, Afande. Ndiye aliyemlea, anasema, tangu binti hajaota meno. Yuko hapo nje anasubiri vyombo vyake."

Alikuwepo kweli, kwenye benchi, amekaa wima. Mama Tena alimtambua, akajiona mjinga. Mratibu hakunyamaza kwa adabu. Alinyamaza kwa sababu aliyeshika vikombe alijua yaliyotokea, ingawa mwenyewe hakujua kwamba anajua.

Alimwingiza ndani, akamwekea madodoso matatu mezani, yamefunguliwa ukurasa wa mwisho.

"Hili dole ni la nani, mama?"

"Langu," alisema mwanamke, bila kusita hata kidogo. "Nilimsaidia Daktari, huyu Mratibu wa mradi. Alisema hao akina mama wamekubali wote, ila wino wao haukushika vizuri, na wageni wa ng'ambo hawapendi karatasi chafu. Kila siku nikishamaliza vyombo ananiita, natia ishirini, natia thelathini. Mimi sijui kusoma, mwanangu. Kuna ubaya?"

Mama Tena alimweleza, polepole. Kwamba hao akina mama hawakuulizwa chochote. Kwamba dole ni neno la mtu, na yeye alitoa neno la watu mia mbili na arobaini. Kwamba mtu wa kwanza aliyelitambua kovu lile alikuwa msichana aliyelishika tangu akijifunza kutembea.

Mwanamke alilitazama dole lake. Aliligeuza huku na huku. Sura yake ilisawijika.

"Kwa hiyo boksi..."

"Nafikiri alilichukua yeye. Mgeni angeyaona, angeuliza dole la nani. Daktari angekana, na wewe ungebaki peke yako. Ndiyo maana hasemi."

"Na asiposema?"

"Kesho mahakamani."

"Na mimi nikisema?"

Mama Tena aliona aibu kulijibu swali lile, lakini hakutaka kumdanganya mtu aliyekwisha kudanganywa. "Kazi utapoteza. Mwendesha mashitaka anaweza kukufanya shahidi, anaweza kukushitaki pamoja na Daktari. Mimi nitasema ninavyojua, ila uamuzi si wangu."

"Mlete mtoto," alisema shangazi.

Binti alipoingia na kuona madodoso mezani alielewa yote papo hapo. "Shangazi, usiseme kitu! Afande, hajui kitu huyu, hajui hata kusoma..."

"Nimeshasema," shangazi alimkata. "Boksi liko wapi?"

Siku mbili za ukimya zilimtoka binti kwa mkupuo. "Kwako. Chini ya kitanda, ndani ya begi la safari. Nilitaka kuyachoma, nikashindwa. Mwandiko wote ni wa Daktari. Nilifikiri siku moja, ukishastaafu, nitayatoa..."

"Begi lile?" aliuliza shangazi. "Na nguo zako?"

"Nilizitoa."

"Ulizitoa Ijumaa."

"Ndiyo."

Mama Tena aligeuza uso dirishani. Ijumaa hakuna aliyekuwa amemkamata binti huyu. Hakuna aliyekuwa amemshuku. Alikuwa amekwisha kuamua mwenyewe kwamba hasafiri, na nguo zake akazitundika kabatini kwa shangazi yake, bila kumwambia mtu.

Shangazi hakulia. Aliinuka, akamsogelea mpwa wake, akamrekebisha kile kitambaa cha nywele kilichokuwa kimelegea, kwa nguvu kidogo, kama anayemwandaa mtoto kwenda shule.

"Sikiliza. Utakwenda na askari, mtoe hayo makaratasi myalete hapa, yote. Halafu urudishe nguo ndani ya begi. Sweta ile nzito iweke juu, huko ni baridi."

"Shangazi, watakufunga."

"Begi, nimesema."

Kisha alivuta kiti, akaketi mbele ya Mama Tena na kuweka mikono yote miwili mezani.

"Haya, mwanangu," alisema. "Andika. Na usiniharakishe, nataka niyaseme yote."